Dhahabu ya Nyanda za Juu za Kigoma: Kwa Nini Dalili za Kibondo na Kasulu Hazijawa Mgodi

Na Mwandishi Wetu, Kigoma

Bei ya dhahabu inapopanda katika soko la dunia, maswali kuhusu madini hayo huongezeka pia katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma. Wananchi wa Kibondo na Kasulu wamekuwa wakisikia habari za dalili za dhahabu katika ardhi yao, za watafiti waliopita wakachukua mawe na udongo na kuondoka, na za mashimo yaliyochimbwa kisha yakaachwa. Simulizi za mali iliyofichwa na Mjerumani, zilizoenea katika sehemu nyingi za nchi, huongeza shauku hiyo. Wapo wanaojiuliza kwa haki: ikiwa dhahabu ipo, kwa nini hakuna mgodi?

Swali hilo lina uzito kwa sababu majibu yasiyo sahihi yana gharama. Kijana anaweza kuuza ng'ombe au sehemu ya shamba la urithi ili achangie uchimbaji wa duara mahali ambapo hakuna kipimo chochote kilichofanyika. Kijiji kinaweza kumpokea mgeni anayedai kuwa na ramani ya siri, kikampa ardhi na nguvu kazi bila mkataba. Makala haya yanaeleza kile ambacho jiolojia na historia vinatuambia kuhusu dhahabu ya nyanda hizo, maana ya eneo la utafutaji lililolala, na hatua ambazo mwananchi anapaswa kuchukua kabla ya kuweka mali yake rehani.

Tofauti ya dalili, mashapo na mgodi

Katika lugha ya kila siku, mtu akiona chembe za dhahabu kwenye karai husema amepata mgodi. Wataalamu wa madini hutenganisha mambo matatu. La kwanza ni dalili, yaani ushahidi kwamba dhahabu imeonekana mahali fulani, iwe kwenye mchanga wa kijito, kwenye udongo au kwenye jiwe moja. La pili ni mashapo, yaani mkusanyiko wa madini ambao ukubwa, kina na kiwango chake cha dhahabu kwa kila tani ya mwamba vimepimwa. La tatu ni mgodi, ambao hupatikana tu pale inapothibitika kwamba mashapo hayo yanaweza kuchimbwa na kuchenjuliwa kwa faida, kwa kufuata sheria na bila madhara yasiyoweza kudhibitiwa.

Kutoka dalili hadi mgodi kuna safari ndefu. Mtaalamu huanza na ramani za jiolojia, akafuata vijito akichukua sampuli za mchanga, akapima udongo kwa mistari iliyonyooka, kisha akachimba mitaro ili auone mwamba wenyewe. Matokeo yakiridhisha ndipo uchorongaji unapofanyika, ambapo mashine hutoboa ardhi hadi mamia ya mita na kutoa sampuli za mwamba kutoka kila kina. Sampuli hizo hupelekwa maabara. Katika kila hatua, maeneo mengi huachwa na machache huendelea.

Eneo la utafutaji lililolala ni lile lililofika katikati ya safari hiyo na kusimama. Kusimama huko hakuna maana kwamba dhahabu imekwisha au imefichwa. Maana yake ni kwamba, kwa vipimo vilivyofanyika na kwa bei, teknolojia, miundombinu na sheria za wakati huo, hapakuwa na sababu ya kutosha ya kuendelea.

Familia tatu za miamba

Miji ya Kibondo na Kasulu ipo katika nyanda zenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, wakati Ziwa Tanganyika lipo katika mwinuko wa takriban mita 770. Chini ya vilima, migomba na mashamba ya maharage ya nyanda hizo kuna miamba ya umri na asili tofauti. Ili kuelewa habari ya dhahabu, inatosha kuzifahamu familia tatu.

Familia ya kwanza ndiyo kongwe zaidi. Ni miamba ya kitako cha kale cha katikati ya Tanzania, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Katika Kanda ya Ziwa kitako hicho kina mikanda ya miamba ya volkano ya kale, miamba yenye mistari ya chuma, na mawe ya matale yaliyopenya katikati yake. Maji ya moto yaliyopita kwenye nyufa za miamba hiyo yaliacha dhahabu pamoja na mishipa ya kwatzi, yaani yale mawe meupe magumu yanayofahamika vizuri kwa wachimbaji. Geita, Bulyanhulu, North Mara na Biharamulo zinapata dhahabu yake katika familia hii. Ukitoka Kibondo kuelekea mashariki na kaskazini mashariki, ng'ambo ya mabonde ya Moyowosi na Kigosi, unaikaribia ardhi ya miamba hiyo.

Familia ya pili ni ya ukanda wa Karagwe na Ankole, unaoanzia kusini magharibi mwa Uganda na kupita Rwanda, Burundi na kaskazini magharibi mwa Tanzania. Sehemu kubwa ya miamba hiyo ilianza kama tope na mchanga uliotuama chini ya maji, ukagandamizwa na kukunjwa kati ya takriban miaka bilioni 1.4 na bilioni 1 iliyopita. Ukanda huu unajulikana zaidi kwa bati la Kyerwa na nikeli ya Kabanga wilayani Ngara. Hata hivyo, una dhahabu pia katika baadhi ya maeneo. Ng'ambo ya mpaka, nchini Burundi, dhahabu imechimbwa katika eneo la Muyinga, ambalo halipo mbali na upande wa Kakonko na Kibondo. Kwa hiyo mtafiti anayetazama mishipa ya kwatzi karibu na mpaka wa Burundi hafanyi kazi isiyo na msingi.

Familia ya tatu ndiyo iliyotandaa katika sehemu kubwa ya nyanda za Kibondo, Kasulu na Uvinza. Wanajiolojia huiita miamba ya Bukoba, kwa kuwa ilielezwa mapema katika eneo la mji huo wa Kagera. Ni tabaka za mawe ya mchanga, mawe ya tope na mawe ya chokaa, pamoja na lava iliyomwagika juu ya ardhi takriban miaka milioni 800 iliyopita. Tabaka hizi hazikukunjwa wala kupashwa joto kama miamba ya kale ya Kanda ya Ziwa. Kwa kawaida hazikupitiwa na maji ya moto yenye uwezo wa kukusanya dhahabu kwa wingi.

Hapa ndipo lilipo jibu la kwanza la swali la wananchi. Kibondo na Kasulu zipo jirani na ardhi ya dhahabu, lakini sehemu kubwa ya uso wake imefunikwa na miamba michanga zaidi ambayo si makazi ya kawaida ya madini hayo. Mahali pa kutarajia zaidi ni kingo, yaani pale ambapo miamba ya zamani inajitokeza au imefunikwa kwa tabaka jembamba. Ndiyo maana dalili zinaweza kuonekana mahali fulani, na umbali mfupi kutoka hapo zisionekane kabisa.

Jambo la pili la kuzingatia ni mito. Dhahabu ni nzito mno. Ujazo wake mmoja una uzito wa zaidi ya mara 7 ya ujazo uleule wa kwatzi. Kwa sababu hiyo, mvua inapomomonyoa mwamba wenye dhahabu, chembe husombwa na kutuama kwenye mabonde, nyuma ya mawe makubwa na kwenye mikunjo ya vijito. Chembe iliyopatikana kwenye mchanga inaweza kuwa imesafiri. Kuchimba duara lenye kina kirefu pale ilipopatikana chembe, bila kufuatilia kijito kuelekea juu kilikotoka, ni kuchimba mahali ambapo dhahabu ilipumzika tu. Mtafiti hupanda na mto akipima kila kijito kinachoingia, hadi afike mahali chembe zinapokoma.

Vilevile, si kila kinachong'aa ni dhahabu. Ulanga hung'aa kwenye mchanga wa mito mingi, lakini ni mwepesi na huondoka na maji karai likitikiswa. Pairaiti, ambayo ni muungano wa chuma na salfa, ina rangi ya manjano, lakini ikigongwa kwa nyundo hupasuka na kuwa unga. Dhahabu ikigongwa hubonyea na kutandaa.

Nyanda zilizotajirishwa na chumvi kabla ya dhahabu

Historia inathibitisha kile ambacho miamba inasema. Utajiri wa madini uliozijulisha nyanda hizi kwa karne nyingi ulikuwa chumvi. Katika eneo la Uvinza, mahali ambapo Mto Ruchugi unaoteremka kutoka upande wa Kasulu unakutana na Malagarasi, zipo chemchemi za maji ya chumvi zinazotoka katika tabaka za familia ya tatu. Utafiti wa akiolojia uliofanywa na John Sutton na Andrew Roberts mwaka 1967 ulionesha kwamba watu walikuwa wakichemsha maji hayo na kupata chumvi tangu zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Richard Burton na John Speke walipita hapo mwaka 1858 wakielekea Ujiji, wakakuta biashara hiyo ikiendelea. Chumvi ya Uvinza ilifika katika tawala za Waha za Heru, Muhambwe na Buyungu, na mbali zaidi ya hapo.

Dhahabu iliingia katika historia ya nchi kwa njia nyingine. Mgodi wa Sekenke, katika eneo ambalo sasa ni Mkoa wa Singida, ulianza mwaka 1909 wakati wa utawala wa Kijerumani. Mwaka 1916, utawala huo ulipokuwa umezingirwa na vita na kuishiwa sarafu, dhahabu ya Sekenke ilitumika kutengenezea sarafu za rupia 15 katika karakana ya reli mjini Tabora. Reli ya Kati ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914. Hii inatufundisha kwamba pale dhahabu ilipojulikana, watawala hao hawakuiacha ardhini, hasa walipokuwa na dhiki. Simulizi ya kwamba waligundua mgodi mkubwa wa dhahabu nyanda za Kigoma kisha wakaufukia haipatani na mwenendo wao.

Chini ya utawala wa Waingereza, dhahabu ya Lupa wilayani Chunya ilivutia wachimbaji kuanzia mwaka 1922. Mwaka 1934 Marekani ilipandisha bei rasmi ya dhahabu kutoka dola 20.67 hadi dola 35 kwa wakia, na watafutaji wakasambaa katika Tanganyika yote. Migodi ilifunguliwa Geita na Musoma. Kusini mwa Kigoma, huko Mpanda, mashapo ya risasi yenye fedha, shaba na dhahabu kidogo yalisababisha kujengwa kwa tawi la reli kutoka Kaliua.

Nyanda za Kibondo na Kasulu hazikupata mgodi wala reli ya namna hiyo. Zilikuwa mbali na Reli ya Kati, na dalili zake hazikuwa na ukubwa wa kuhalalisha ujenzi wa barabara na mitambo. Katika miaka ya 1930, ugonjwa wa malale uliwafanya watawala kuwahamisha wakazi wa maeneo ya mbung'o na kuwakusanya katika makazi maalumu, hivyo sehemu kubwa ya ardhi ya mashariki ikabaki bila watu. Serikali ya kikoloni iliitazama Buha kama chanzo cha vibarua. Maelfu ya wanaume wa Kiha walikwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro, na kuanzia mwaka 1944 uandikishaji wao uliratibiwa na ofisi ya waajiri wa mkonge iliyojulikana kama SILABU. Kumbukumbu hiyo ya manamba ni sehemu ya sababu inayofanya habari za dhahabu kupokewa kwa matumaini makubwa katika nyanda hizi. Watu ambao babu zao walisafiri kutafuta riziki wanayo haki ya kutamani riziki iliyo karibu na nyumbani.

Hesabu ya bei

Tuchukue mfano wa mwamba wenye gramu 5 za dhahabu katika kila tani, kiwango ambacho si kidogo. Wakia moja ya dhahabu ni takriban gramu 31.1. Kwa bei ya dola 35 kwa wakia, dhahabu yote iliyo katika tani moja ya mwamba huo ilikuwa na thamani isiyofikia dola 6. Kutokana na fedha hiyo, mwenye mgodi alipaswa kulipa vibarua, baruti, mafuta, uchenjuaji, usafiri na kodi. Bei ya dola 35 ilidumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, huku gharama zikipanda. Hata Mgodi wa Geita ulifungwa mwaka 1966. Ikiwa Geita ilifungwa, dalili ndogo zilizo mbali na reli zisingeweza kuamka.

Mwaka 2020 bei ilivuka dola 2,000 kwa wakia kwa mara ya kwanza. Kwa bei hiyo, tani ileile ya mwamba ina dhahabu yenye thamani ya zaidi ya dola 320. Mwamba haukubadilika, kilichobadilika ni hesabu. Hii ndiyo sababu maeneo yaliyolala huchunguzwa upya. Lakini hesabu hiyo haifanyi kazi bila kujua idadi ya tani. Jiwe moja lenye dhahabu nyingi likipimwa maabara haliwezi kusema chochote kuhusu tani elfu zilizo chini yake, kwa kuwa dhahabu haisambai sawasawa katika mwamba.

Jirani aliyelala: Kigosi

Mfano wa karibu wa eneo la dhahabu lililolala upo mashariki mwa Kibondo, katika eneo la Kigosi linalopakana na Moyowosi. Miamba yake ni ya familia ya kwanza. Kampuni ya Canada iliyokuwa ikiitwa Tanzanian Royalty Exploration, ambayo sasa inajulikana kama TRX Gold na inaendesha Mgodi wa Buckreef mkoani Geita kwa ubia na Shirika la Madini la Taifa (STAMICO), ilifanya utafiti huko, ikiwa ni pamoja na katika maeneo ya Luhwaika na Igunda. Ilipata mishipa ya kwatzi yenye dhahabu, na kifusi cha mawe ya kwatzi kilichotandaa karibu na uso wa ardhi.

Hata hivyo, eneo hilo lilikuwa ndani ya Pori la Akiba Kigosi. Katika taarifa zake za umma kampuni hiyo ilieleza kwamba, pamoja na kuwa na haki za madini, isingeweza kuzitumia wakati amri ya kulitangaza pori hilo ikiendelea kuwa na nguvu. Mwaka 2019 Kigosi ilipandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa. Eneo hilo ni sehemu ya mfumo wa ardhioevu ya Malagarasi na Moyowosi, ambayo mwaka 2000 iliwekwa katika orodha ya kimataifa ya Ramsar. Maji yake ni uhai wa samaki, ndege na wakazi wa bonde zima hadi Ziwa Tanganyika.

Kigosi inaonesha kwamba dhahabu inaweza kulala hata pale mwamba unapokuwa na dalili nzuri. Matumizi ya ardhi ni uamuzi wa Taifa, na maji pamoja na wanyamapori vina thamani yake katika uamuzi huo. Mwananchi anayeingia katika pori lililohifadhiwa kutafuta dhahabu kwa hoja kwamba watafiti waliiona huko anavunja sheria, hata kama hoja yake kuhusu mwamba ni ya kweli.

Waliolala na kuamka

Ipo pia mifano ya kinyume. Nikeli ya Kabanga iligunduliwa katika miaka ya 1970 kupitia utafiti uliofadhiliwa na Umoja wa Mataifa. Kwa zaidi ya miaka 40 eneo hilo lilipita mikononi mwa kampuni mbalimbali, likichorongwa na kuachwa, kisha likachorongwa tena. Mwezi Januari 2021 Serikali ilisaini makubaliano yaliyoanzisha Kampuni ya Tembo Nickel, ambamo Taifa lina hisa za asilimia 16. Kila mtafiti aliyefuata hakuanza upya, kwa sababu kumbukumbu za waliotangulia zilikuwepo.

Mgodi wa Tulawaka wilayani Biharamulo nao ulianza uzalishaji mwaka 2005. Mwaka 2013 mwekezaji aliyekuwepo aliuacha, na STAMICO ikauchukua na kuuendesha kupitia kampuni yake tanzu ya STAMIGOLD. Mgodi ambao haukuwa na faida ya kutosha kwa kampuni kubwa ulipata maisha mapya kwa mpango tofauti wa uendeshaji.

Katika mifano yote miwili, kilichowezesha uamsho ni taarifa zilizotunzwa. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST), yenye makao makuu Dodoma, ndiyo inayohifadhi ramani, sampuli na ripoti za utafiti zilizokusanywa tangu enzi za ukoloni. Kupitia Dira ya 2030 yenye kaulimbiu ya Madini ni Maisha na Utajiri, Wizara ya Madini imeweka lengo la kuongeza eneo la nchi lililofanyiwa utafiti wa kina wa jiofizikia kwa ndege kutoka asilimia 16 hadi asilimia 50 ifikapo mwaka 2030. Utafiti wa aina hiyo hupima usumaku na mionzi ya asili ya miamba bila kuchimba ardhi. Kwa nyanda ambazo miamba yake ya kale imefunikwa, kama zilivyo za Kigoma, ndiyo njia ya kujua familia ya kwanza inaishia wapi chini ya tabaka za juu.

Mwananchi afanye nini

Chini ya Sheria ya Madini, Sura ya 123, madini yote yaliyo ardhini ni mali ya Jamhuri ya Muungano, yakiwa chini ya dhamana ya Rais kwa niaba ya wananchi. Kumiliki shamba hakumpi mtu haki ya kuchimba madini yaliyo chini yake. Hali kadhalika, leseni ya madini haimpi mtu haki ya kumwondoa mwenye shamba bila ridhaa na fidia kwa mujibu wa sheria. Mgeni anayefika kijijini akiwa na leseni bado anawajibika kufuata utaratibu kwa Serikali ya Kijiji na kwa watumiaji wa ardhi.

Hatua ya kwanza kwa anayedhani ameona dhahabu ni kufika Ofisi ya Afisa Madini Mkazi wa Kigoma, iliyo chini ya Tume ya Madini. Hapo ataelezwa kama eneo husika lina leseni ya mtu mwingine, lipo katika hifadhi, au lipo wazi kuombwa. Leseni ya utafutaji ina ukomo, na muda wake ukiisha bila kuhuishwa eneo linaweza kuombwa na mwingine. Kwa hiyo eneo lililoachwa miaka mingi iliyopita si lazima liwe wazi leo, na lililokuwa na leseni mwaka jana huenda sasa limeachwa.

Hatua ya pili ni kupima. Sampuli zilizochukuliwa kwa utaratibu, zikiwa na alama na mahali zilipotoka, zinaweza kupelekwa katika maabara ya GST. Gharama ya kupima sampuli kadhaa ni ndogo kuliko kuchimba duara moja kwa kubahatisha. Vikundi vinavyojiandikisha hupata urahisi wa kuchangia gharama hizo na kupata ushauri wa wataalamu.

Hatua ya tatu ni leseni. Leseni ya uchimbaji mdogo imetengwa kwa ajili ya Watanzania. Anayechimba na kuuza bila leseni hujinyima ulinzi wa sheria pale mgogoro unapotokea. Tangu mwaka 2019 Serikali imeanzisha masoko ya madini ambamo mchimbaji hupimiwa dhahabu yake na kulipwa kwa bei inayotangazwa wazi, jambo linalomwepusha na mnunuzi wa njiani.

Aidha, wananchi wanashauriwa kutoingia katika mashimo ya zamani. Kuta zake hulegea kwa mvua, na hewa ya chini inaweza kukosa oksijeni. Mashimo yaliyo karibu na njia za watoto na mifugo yatolewe taarifa kwa Serikali ya Kijiji na kwa Afisa Madini. Matumizi ya zebaki kando ya vijito ni hatari kwa wanaoyatumia maji hayo, na Tanzania imeridhia Mkataba wa Minamata unaolenga kupunguza matumizi yake.

Mtu yeyote anayedai malipo kwa ajili ya ramani ya siri, kifaa cha kunusa dhahabu au mali ya Mjerumani aombwe kuonesha leseni yake na kufika naye mbele ya Afisa Madini. Mtafiti halali hufanya kazi akiwa na leseni inayoweza kuthibitishwa, hujitambulisha kijijini, na matokeo yake huwasilishwa kwa mamlaka za Serikali.

Nyanda za juu za Kigoma zina hazina nyingine ambazo hazihitaji kusubiri. Chumvi ya Uvinza imeendelea kuzalishwa, mawe ya chokaa yapo, na udongo wa vilima vya Kasulu na Buhigwe unalisha masoko kwa maharage, ndizi na kahawa. Kuhusu dhahabu, kazi iliyobaki ni ya kupima kingo za miamba ya kale, hasa upande wa kaskazini mashariki na kandokando ya mpaka wa Burundi. Hadi vipimo hivyo vitakapotoa jibu, ng'ombe na shamba la urithi visiuzwe kwa ajili ya dalili ambayo haijapimwa.